Bahari Iliyopimwa Ilomba

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, mwaka 1977, bahari itakuwa chini ya uangalizi. Yeyote atakayeiona ikipanda atoe taarifa ofisini kabla ya saa tisa na nusu alasiri. Ikipanda baada ya saa hiyo, isubiri kesho yake.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mkaratusi ulio karibu na soko, mjini Mbeya, mahali palipo juu ya bahari kwa mita elfu moja na mia saba, na mbali nayo kwa safari ya siku mbili kama lori halikuharibika njiani. Watu walilisoma, wakajifunika makoti yao vizuri, wakaenda kununua viazi. Hakuna aliyecheka. Mwaka ule mkaratusi ulikuwa umebeba matangazo mengi, na hili angalau halikumtaka mtu aje na jembe.

Chanzo kilikuwa waraka. Mtaalamu mmoja wa ng'ambo alikuwa amesema redioni kwamba dunia ikizidi kupata joto, barafu ya huko kwenye ncha zake itayeyuka, bahari itapanda, na visiwa vidogo vya nchi za joto ndivyo vitakavyotangulia kuzama. Ofisi ya Juu ikaandika kwa wilaya zote ikitaka kujua zimejiandaaje. Huenda waraka ulikusudiwa kwa wilaya zenye bahari. Lakini haukusema hivyo, na Ndugu Liberatus, mkuu wa ofisi ya wilaya, hakuwa mtu wa kusoma neno ambalo halikuandikwa. Siku ileile aliunda Kamati ya Uangalizi wa Bahari na Mapokezi ya Watu wa Visiwani, akajiteua kuwa Mwenyekiti, na akamfanya Katibu karani wake Philbert, kijana mwembamba aliyeweza kupiga taipu huku anasinzia. Ikabaki nafasi moja ya mjumbe, "mwenye uzoefu wa bahari."

Hivyo ndivyo Mama Rozalia wa mtaa wa Ilomba alivyofuatwa na Land Rover akiwa anapalilia maharage.

Mama Rozalia alikuwa mjane, mzaliwa wa Iringa, na ni kweli bahari alikuwa ameiona. Mwaka 1958 yeye na mumewe Saulo walikwenda manamba, kukata katani Tanga. Katika miaka miwili waliyokaa huko aliiona bahari mara moja, Jumapili moja mchana, na nusu ya mchana huo alikuwa amefumba macho kwa ajili ya mchanga. Saulo alipoona mkewe hawezi kuitazama vizuri, alijaza maji yake kwenye chupa ya kijani iliyokuwa ya mvinyo wa misa, akaiziba kwa gunzi la mhindi, akamwambia, "Utaitazama nyumbani, kwa raha zako." Saulo alikuwa amefariki miaka sita sasa. Chupa ilikuwa kwenye rafu, na kila Jumapili akitoka kanisani Mama Rozalia alikuwa anachomoa gunzi, ananusa, analirudisha.

Usaili wake ulikuwa mfupi.

"Bahari uliionaje?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kubwa."

Mwenyekiti akamgeukia Katibu. "Andika kwamba ametoa maelezo ya kitaalamu."

Hapo Mama Rozalia angeweza kusema kwamba hajui zaidi ya hapo. Lakini walikuwa wamemkaribisha kwenye kiti chenye mikono, na tangu azaliwe hajawahi kukalia kiti ambacho kinamshika pande zote mbili. Badala ya kusema hajui, akataja chupa.

Kamati ilipiga magoti mbele ya rafu. Chupa ilikuwa na maana kubwa kiutendaji: wilaya ilikuwa na bahari yake, ndani ya mipaka yake, yenye ujazo unaojulikana. Mwenyekiti alibandika plasta ya dawa ubavuni mwa chupa, akachora mstari kwa kalamu usawa wa maji, na nyumba ikapewa jina la Kituo cha Bahari, Ilomba. Kila Jumatatu kamati ingekuja kusoma kipimo. Kiti chenye mikono kikaletwa kikae hapo kituoni, na majirani wakawa wanapita kukisalimia. Wengine walianza kumwita Mama Bahari. Aliwakataza mara moja, kwa sauti ndogo, kisha hakuwakataza tena.

Mwezi wa nane maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari kwa unene wa kucha. Mwezi wa tisa, kucha mbili. Mtu yeyote aliyewahi kuziba kibuyu kwa gunzi angejua kwamba maji hukauka kupitia gunzi, na katika kamati ile hakuna ambaye hakuwahi kuziba kibuyu kwa gunzi. Lakini kibuyu si bahari. Mwenyekiti aliandika kwa Ofisi ya Juu kwamba tangu wilaya ianze kuiangalia, bahari imeonyesha nidhamu. Barua ya pongezi ilikuja. Mama Rozalia aliitundika ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria lakini si mbali sana.

Mwezi huohuo mkwewe Nyamizi alikuja kukaa naye. Nyamizi alikuwa binti wa Limbu, mfugaji wa Kisukuma aliyeteremka na ng'ombe wake kutoka kaskazini mpaka Usangu, na alikuwa ameolewa na Didas, mwana wa Mama Rozalia, aliyelima mpunga hukohuko. Alikuwa mjamzito, na mjini hospitali ilikuwa karibu. Alikuwa msichana wa maneno machache na mikono mingi: ukigeuka, kuni zimeshapasuliwa, ukigeuka tena, kanga yako iliyochanika imeshashonwa na hakuna aliyetaja jambo hilo.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja, Mwenyekiti alisoma kipimo, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Bahari ilikuwa imepanda vidole viwili.

Kikao cha dharura kilikaa papo hapo, Mwenyekiti kwenye kiti chenye mikono, Mama Rozalia kwenye kigoda. Iliamuliwa kwamba watu wa visiwani sasa wako njiani. Visiwa gani, waraka haukusema, hivyo wangepokelewa wa visiwa vyote. Philbert alichapa fomu yenye maswali kumi na tisa, kuanzia jina la kisiwa alichotoka mhamiaji, na kama kilizama ghafla au polepole. Kuhusu mahali pa kuwaweka, Mwenyekiti alikuwa na fikra iliyokomaa. Mtu wa kisiwani amezoea maji, akipandishwa milimani atapata mafua. Wapelekwe Usangu. Na huko Usangu, katikati ya mbuga, kulikuwa na mwinuko mmoja wenye nyumba kumi na moja, ambao masika maji ya mto Ruaha yakitanda huzungukwa pande zote.

"Kwa maana hiyo ni kisiwa," alisema. "Watajisikia nyumbani."

Wenye nyumba kumi na moja wangeteremshwa mbugani, kwenye uwanja mzuri ulionyooka, ambao kamati ingeuwekea vigingi vyeupe. Tarehe ya mwisho, kumi na tano ya mwezi wa tatu.

Mama Rozalia aliitikia pamoja na wenzake. Ramani ilikuwa imegeuzwa upande wa Mwenyekiti, na yeye macho yake yalikuwa yamechoka. Ni Nyamizi, aliyekuwa anamimina chai, aliyeisoma ramani ikiwa juu chini. Alijifungua mwezi wa kumi na mbili, mtoto wa kiume, wakamwita Saulo. Siku arobaini zilipotimia ndipo alipouliza.

"Mama, ule mwinuko wenye nyumba kumi na moja, si kwa baba?"

Mama Rozalia alisema haiwezekani. Kisha akasema labda. Kisha akaketi.

"Masika maji ya pale kwenye vigingi yananifika hapa," alisema Nyamizi, akaonyesha kidevuni. "Na mimi ni mrefu."

"Bahari imepanda, mwanangu. Watu wa visiwani nao wanahitaji mahali."

Nyamizi alitazama chini kama mtu aliyevunja sahani. "Ile haikupanda, Mama. Ni mimi. Niliona maji ya baba mkwe yanakwisha, na wewe kila Jumapili unainamisha chupa kuyafuata. Nikachemsha maji, nikatia chumvi. Nilionja kwanza ili ilingane."

Mama Rozalia alichomoa gunzi, akachovya kidole, akaonja. Chumvi ililingana kabisa. Miaka yote ile hakuna mtu aliyeona kwamba anainamisha chupa. Alimshika Nyamizi mkono, maana mtu akikufanyia wema wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba amehamisha watu kumi na moja na familia zao.

Jambo la kufanya lilikuwa wazi. Ni kusema Jumatatu, na siku hiyohiyo kurudisha kiti. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Jumatatu ya kwanza Mama Rozalia alikuwa na kikohozi. Jumatatu ya pili Mwenyekiti alionekana amechoka, si vizuri kumbebesha mtu aliyechoka. Jumatatu ya tatu mvua ilipiga bati sana, wasingesikia. Usiku alisali, na katika sala alimweleza Mungu kuhusu kikohozi, na akapata hisia kwamba Mungu naye alikuwa anapitia kumbukumbu za kikao.

Alhamisi ya wiki ile Nyamizi alifunga nguo za mtoto.

"Nakwenda kwa baba," alisema. "Nikawasaidie kufunga mizigo. Bibi yangu hawezi kutembea peke yake."

Hakulaumu. Aliacha unga umechekechwa wa wiki nzima. Mama Rozalia alilisindikiza lori kwa macho mpaka likapotea, na Jumatatu iliyofuata, kabla Mwenyekiti hajakaa, aliinuka akasema yote: gunzi, chumvi, kuonja, na mjukuu wake aliyeko kwenye mwinuko.

Philbert aliacha kusinzia.

"Mama Rozalia," alisema Mwenyekiti kwa upole, "hili la kupanda kwa bahari limeshaingia kwenye kumbukumbu. Na kumbukumbu zimeshathibitishwa."

"Lakini si kweli, Ndugu Mwenyekiti."

"Sikusema ni kweli. Nimesema zimethibitishwa."

Maneno ya mjumbe yaliandikwa chini ya Mengineyo. Tarehe ya kuhama ilibaki palepale. Na ili chombo cha kitaifa kisichezewe tena na wakwe, Mwenyekiti aliyeyusha lakiri nyekundu, nta ya kufungia bahasha za serikali, akaimimina juu ya gunzi mpaka likafunikwa, akapiga mhuri. Azimio likapitishwa kwamba lakiri hiyo isivunjwe ila na Mwenyekiti mwenyewe, akiwa ofisini kwake.

Mama Rozalia alikuwa amekaa katika kamati kwa miezi saba, na ingawa alikuwa amejifunza machache kuhusu bahari, kuhusu kamati alikuwa amejifunza mengi. Aliomba neno moja. Alisema watu wa chini Usangu wanaweza kuuliza kama kamati imejiridhisha. Kwamba ingependeza kamati ifike kwenye vigingi wiki ya kuhama yenyewe, katika mwezi wa tatu, ijiridhishe kwa miguu yake.

Mwenyekiti alilipenda neno kujiridhisha. Alilirudia mara mbili.

Wakateremka Usangu tarehe kumi na tatu ya mwezi wa tatu, watatu ndani ya Land Rover, Philbert kwenye usukani, na sanduku la bati lenye fomu. Jua lilikuwa linawaka. Uwanja wa vigingi ulikuwa mkavu, na Mwenyekiti alitembea kutoka kigingi hadi kigingi akivigonga kwa kiatu. "Unaona, Mama Rozalia? Maji yako wapi?"

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu huko milimani walikotoka, na maji ya Usangu hayaji kwa kelele kama ya milimani. Yanaingia kama mgeni mwenye adabu, yanajaza kwanza nyayo za ng'ombe, kisha katikati ya nyayo. Philbert ndiye aliyeona kiatu chake kimeloa. Walipofika kwenye gari, magurudumu yalikuwa yamezama nusu. Walipomaliza kulaumiana, wote watatu walikuwa juu ya paa, na vigingi vyeupe vilikuwa vinaonyesha vichwa tu.

"Katibu," alisema Mwenyekiti kwa sauti iliyokauka, "andika. Bahari imefika."

Mama Rozalia aliinama, akachovya kidole, akaonja. "Haina chumvi," alisema. Hakusema kitu kingine, na hilo alilihesabu baadaye kama tendo lake jema la mwaka ule.

Limbu alikuja na mtumbwi alioazima kwa wavuvi wa Kisangu, anausukuma kwa upondo taratibu, kama mtu anayekwenda kisimani. Alikuwa mzee mrefu wa sauti ndogo. "Mwadila," aliwasalimia Kisukuma, na akasubiri waitikie, kwa sababu hata mtu aliye juu ya paa la gari anastahili kusalimiwa kwanza. Aliwavusha mmoja mmoja. Kwenye mwinuko mizigo ya nyumba kumi na moja ilikuwa imefungwa tayari, imepangwa mstari, kwa ajili ya kuhama keshokutwa. Wanawake walifungua mmoja wa mizigo ile ili watoe sufuria, wakawapikia ugali na maziwa mgando. Bibi yake Nyamizi, asiyeweza kutembea peke yake, alivua shuka lake akampa Mwenyekiti. Mama Rozalia alimpakata mjukuu wake, akatazama mbuga yote imekuwa maji mpaka upeo wa macho, na vigingi havionekani.

Kwa mara ya kwanza tangu awe mtaalamu, aliwafikiria wale watu wa visiwani wa kweli. Huko waliko, labda alikuwepo mama mmoja anayetazama maji mlangoni kwake vivi hivi, ambaye hajamuudhi mtu, wala hakuwahi kuyeyusha barafu ya mtu yeyote. Akaona haya. Aliomba kwamba wakija, wafikie kwa Limbu, wasifikie kwa kamati.

Shida ilianza asubuhi, Mwenyekiti alipokataa uji.

"Hatuwezi kula chakula cha watu bila maandishi," alisema. Maana hata ndani ya shuka la bibi alikuwa ni mtu wa utaratibu. Sanduku likafunguliwa. Maji yalikuwa yameingia, fomu moja tu ilikuwa kavu, na kwa kuwa ilikuwa moja, ilimstahili mwenye cheo. Nyamizi, aliyemaliza darasa la saba, akaombwa aandike, kwa vile mikono ya Philbert ilikuwa inatetemeka kwa baridi.

"Jina la kisiwa ulichotoka," alisoma.

Mwenyekiti alifikiri. "Paa la Land Rover."

"Kilizama ghafla au polepole?"

"Polepole."

"Umezoea maji?"

"Hapana."

"Ujuzi unaokuja nao."

Mwenyekiti alijitazama viganja. Watoto walisogea. Limbu, kwa kumsaidia, aliuliza kama anajua kukamua.

"Najua kufungua kikao," alisema Mwenyekiti. "Na kukifunga."

Nyamizi aliandika, "Atafundishwa." Limbu akatia kidole gumba kwenye nafasi ya mwenyeji anayekubali kumpokea. Philbert akatia sahihi, na mvuvi mmoja akaichukua fomu hadi barabarani, ikaingia kwenye mfuko wa posta wa basi pamoja na barua nyingine za kiserikali. Ndipo Mwenyekiti alipokunywa uji, bakuli mbili.

Maji yalikaa wiki tatu. Yalipoanza kurudi mtoni, kamati ilifunga virago. Ndipo mvuvi yuleyule alipoleta bahasha kutoka Ofisi ya Juu. Philbert aliisoma kwa sauti, mbele ya watu wote.

Ofisi ya Juu iliipongeza wilaya kwa kuwa ya kwanza nchini kumpokea mtu wa kisiwani. Iliagiza wenyeji wa mhamiaji, wote wa nyumba kumi na moja, wasihamishwe kwa sababu yoyote, maana mhamiaji atawahitaji. Na mhamiaji aendelee kukaa hapo alipo, bila kusumbuliwa, mpaka kipimo cha Kituo cha Ilomba kitakapothibitisha kwamba bahari imeshuka.

Wanawake walianza kufungua mizigo, bila haraka na bila kelele. Philbert alimtazama Mwenyekiti. "Lakini wewe si..." akaanza.

Mwenyekiti aliichukua barua, akaisoma mara tatu, mbele na nyuma. Hakuna mahali iliposema kwamba mhamiaji akiwa Mwenyekiti asamehewe. Alikuwa hajawahi kusoma neno ambalo halikuandikwa, na hakuona heshima ya kuanza kulisoma mbele ya ng'ombe. Akaweka virago chini. Limbu akamwonyesha banda la ndama, upande usiovuja.

Mama Rozalia alirudi Ilomba. Kiti chenye mikono alikirudisha mwenyewe ofisini, kichwani, mchana kweupe, na waliomsalimia njiani kwa jina la Mama Bahari aliwaambia kwamba bahari ni ya Mungu na chumvi ilikuwa ya Nyamizi. Lakini kipimo aliendelea kukisoma, kwa kuwa hakuna aliyemwachisha. Kila Jumatatu alikaa kwenye kigoda na kuandika kilicho kweli: maji hayajashuka. Yasingeweza kushuka. Lakiri ilikuwa imeziba barabara, na mtu pekee aliyeruhusiwa kuivunja, akiwa ofisini kwake, alikuwa Usangu anajifunza kukamua.

Mwezi wa tano barua ilikuja na lori la mpunga, imeandikwa kwa mkono. Mwenyekiti aliuliza hali ya kituo. Alisema ng'ombe mmoja, mwekundu, sasa anamkubali. Alisema bibi hajambo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliuliza kama mjumbe mwenye uzoefu anaona njia yoyote.

Mama Rozalia alimjibu kwa heshima, akamfungia sweta na sukari. Aliandika kwamba bahari iko palepale, na kwamba lakiri yake ni imara sana.

Jioni alifagia jikoni, akaitoa chupa ya Saulo kwenye rafu, akaiweka juu ya kigoda, upande wa mafiga. Si karibu sana. Lakiri ikiyeyuka, bahari itashuka; lakini huyeyuka polepole, na huko Usangu mpunga ulikuwa bado haujavunwa wote.